MLANGO WA MJI NI PALE MSAFIRI ASHUKAPO

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Kericho huiona Kapsoit kabla ya kuuona mji wenyewe. Hapo ndipo barabara ya Sondu inapoungana na barabara kuu. Hapo matatu husimama, waendesha pikipiki hungojea abiria, na kina mama hupanga ndizi na mboga zao karibu sana na lami. Huo ndio mlango wa Kericho kwa upande wa magharibi. Wengi wanenapo juu ya kuutengeneza, hutaja maua, taa, na kibao kizuri cha kumkaribisha mgeni. Sipingi maua, wasomaji wangu, lakini liko jambo lililo zito kuliko hayo.

Hatuna haja ya kwenda mbali kulitafuta, maana katika kaunti hii hii iko Londiani, mahali ambapo reli na barabara kuu vimekaribiana. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita Londiani, Lumbwa (ndiyo Kipkelion ya leo), Fort Ternan na Muhoroni, ikatuacha sisi wa Kapsoit kando. Mji wa Londiani ulikua kando ya steshoni, kwa kuwa mwenye duka hujenga pale abiria ashukapo. Lakini barabara kuu ya Nakuru na Kericho hupita kilomita chache nje ya mji huo, na magari yalipozidi kuwa mengi, penye njia panda palitokea soko la pili. Hakuna aliyewaamuru wachuuzi kwenda huko. Waliwafuata wanunuzi.

 Jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori lililopoteza mwelekeo liliacha njia pale njia panda, likayagonga magari ya abiria na kuwapitia wachuuzi na waliokuwa wakingojea kusafiri. Waliokufa walikaribia 50 au kupita. Wako waliokuwa wameuza siku nzima, nao walikuwa wakikusanya vitu vyao ili waende nyumbani.

Baada ya msiba huo ilitolewa amri ya kwamba masoko ya kando ya barabara kuu yaondolewe. Amri hiyo ilikuwa na sababu njema. Hata hivyo, mchuuzi aondolewaye leo aghalabu huonekana tena pale pale baada ya muda si mrefu, wala si kwa ukaidi. Auzaye kabichi humtegemea mtu ashukaye garini. Gari likisimama hapa na soko likiwa nyuma ya majumba, mama huyo atahesabu fedha zake za jioni, naye kesho atarudi kando ya lami. Mimi mwenyewe hununua ndizi kwa kupenyeza mkono dirishani mwa matatu. Basi sina haki ya kumlaumu auzaye.

Kwa hiyo kituo cha magari na soko havina budi kuhama pamoja. Hapa ndipo penye ugumu. Kwa Katiba ya mwaka 2010, barabara kuu na reli ni kazi ya Serikali ya Taifa, na masoko ni kazi ya kaunti. Afisi moja huchora mahali pa magari kusimama, nyingine hujenga vibanda, na kila moja hutimiza kazi yake vizuri bila kumwuliza mwenzake. Matokeo yake ni kituo kisicho na wauzaji na soko lisilo na wanunuzi, na ile hatari hubaki kando ya njia kama zamani.

Kisumu, mahali ambapo reli, barabara na ziwa hukutana, wachuuzi walioondolewa katika ardhi ya reli walijengewa soko jingine. Kujengewa ni bora kuliko kufukuzwa tu. Lakini yeyote apewaye kibanda huuliza kwanza kama wateja watapita mbele yake, na swali hilo ni la haki.

Basi kaunti iitishapo kikao cha wananchi kuhusu makadirio ya fedha, watu wa Kapsoit na waende, na kina mama wauzao wawe wa kwanza kusema. Waombe maafisa wa barabara kuu waalikwe siku hiyo hiyo, ramani moja ikiwa mezani. Magari yapewe mahali pa kusimama nje kabisa ya njia ya malori. Lango la soko lielekee hapo, hatua chache tu kutoka mlango wa matatu. Pawekwe ukuta imara kati ya soko na barabara, na mtaro mpana wa kuchukua maji, kwa kuwa mvua ya Kericho hunyesha karibu kila alasiri, na mchuuzi aliyekalishwa penye tope atahamia tena penye lami iliyo kavu.