Ngoma Si ya Wazima Peke Yao



Katika shamba la chai hapa Uganda nilikoanzia kazi, palikuwa na mzee mmoja, mchuma chai hodari. Mkono wake ulianza kutetemeka, hatua zikawa fupi fupi, uso ukakakamaa. Nyapara akasema mzee amekunywa. Majirani wakasema amerogwa. Akaachishwa kazi bila kupimwa na daktari, nasi wenzake tukanyamaza. Nasema haya kwa aibu.

Ugonjwa huo huitwa Parkinson, kwa jina la daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Si ulevi, si uchawi, wala hauambukizi. Katika ubongo, chembe zinazotengeneza dopamini, ambayo husaidia kuongoza viungo, hufa kidogo kidogo. Dawa za kuutuliza zipo. Ya kuuponya kabisa haijapatikana.

Lakini dawa peke yake haitoshi. Huko Brooklyn, katika mji wa New York, kundi la dansi la Mark Morris lilianza mwaka 2001 kuwafundisha wagonjwa hawa kucheza. Huanza wakiwa vitini, kisha anayeweza husimama, hushikana mikono na wenzake na kufuata muziki. Wako ambao miguu yao hukwama ghafla kama iliyogundishwa chini. Mapigo ya muziki huwasaidia kuinua mguu, kwa kuwa sikio huupa mwili amri ambayo ubongo umeshindwa kuitoa vizuri. Waliopima jambo hili wameona wagonjwa wakitembea na kusimama imara zaidi. Ngoma haiponyi, lakini humtoa mtu ndani alikojificha kwa haya.

Sasa, nani atatufundisha sisi kupiga ngoma? Ngoma tunazo, na ukumbi wa chama hukaa mtupu Jumamosi mchana. Kila tawi litoe viti, wapigaji wawili, na vijana wa kumshika mgonjwa asianguke. Mgonjwa amwulize daktari kwanza, na vidonge vyake asiviache.

Nanyi viongozi wa matawi, mfanyakazi akianza kutetemeka, msikubali afukuzwe kabla daktari hajampima. Mkono unaotetemeka leo ndio uliojaza vikapu jana.

Mara ya kwanza tulinyamaza. Tusinyamaze tena.