Kozi za kuchagua: wa madini tusikimbilie mteremko

Wiki hii kila ukipita koridoni swali ni lile lile: "we umechagua kozi gani?" Sisi wa uhandisi wa madini tumezoea kupangiwa kila kitu, ulipuaji, mekanika ya miamba, uchenjuaji, hata kupumua tunakaribia kupangiwa. Ikija nafasi ya kuchagua wenyewe tunababaika. Leo nataka niseme langu, hasa kwa wenzangu wa Shinyanga, Kahama na Geita.

Kwanza tuelewane. Vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi anachukua fani kuu, halafu anaongeza fani ndogo ya pembeni na inatambulika. Kwetu mhandisi anasoma miaka 4, krediti zisizopungua 480 kwa mfumo wa TCU, na sehemu kubwa imeshikwa na fani yenyewe. Vinavyobaki ni vikozi vichache. Ukiviokota ovyo vinapotea. Ukivipanga vifuatane mwaka hadi mwaka, umejitengenezea fani ndogo yako mwenyewe hata kama cheti hakiitaji.

Sasa, ushauri unaotembea mabwenini uko wa aina mbili. Wa kwanza: "chukua ya mteremko, mwalimu anamwaga A, linda GPA." Wa pili: "ongeza kompyuta, migodi sasa hivi ni programu tupu." Huu wa pili siupingi sana. Lakini kuna upande tunaoukwepa wakati ndio unaoamua mambo kwetu: uchumi wa madini, mikataba, na sheria ya ardhi. Mimi nasema fani ndogo yetu iwe hiyo.

Mnakumbuka makinikia? Machi 2017 Rais Magufuli alipiga marufuku kusafirisha nje mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha kutoka Bulyanhulu na Buzwagi. Makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar. Kamati ya kwanza iliongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, mjiolojia. Kazi yake ilikuwa kupima kilichomo ndani ya makontena, na ikaripoti Mei kwamba dhahabu ni nyingi kuliko iliyotangazwa. Kampuni ya Acacia ikakataa. Kamati ya pili ikaongozwa na Profesa Nehemiah Osoro, mchumi, na ilikuwa ya wachumi na wanasheria. Hiyo ikapekua mikataba na kodi za tangu 1998, ikawasilisha ripoti Juni. Halafu mazungumzo na Barrick upande wa serikali yakaongozwa na Profesa Palamagamba Kabudi, mwanasheria. Mwisho wake ni makubaliano ya Oktoba 2019 yaliyosainiwa Januari 2020: dola milioni 300, na kampuni ya Twiga Minerals ambamo serikali ina hisa asilimia 16.

Angalieni mtiririko huo. Mjiolojia kaanza, mchumi kafuata, mwanasheria kamalizia. Kwenye meza ya mwisho, anayejua jiwe peke yake anakaa kimya! Lakini namba nyingi zinazobishaniwa kwenye meza kama ile zinatoka kwetu: gramu ngapi kwa tani, gharama ya kuchimba tani moja, mgodi utaishi miaka mingapi. Sisi ndio tunaoziandika. Kama hatujui zinakwenda kufanya nini, tunakuwa makarani wenye kofia ngumu.

Chukueni mfano mdogo. Mrabaha unatozwa kwenye thamani ya madini yaliyouzwa, kampuni ipate faida isipate. Kodi ya mapato inatozwa kwenye faida, yaani baada ya kutoa gharama. Kwa hiyo anayekadiria gharama kashika mlango wa kodi, na huyo mara nyingi ni mhandisi. Sheria iliporekebishwa 2017, mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6. Darasani tunafundishwa kutafuta kiwango cha chini cha dhahabu ambacho jiwe bado linalipa. Mrabaha ukipanda, nacho kinapanda, na jiwe lililokuwa mali jana leo linahesabiwa kifusi. Ni jiwe lile lile! Kilichobadilika kiko kwenye sheria na wala hakipo kwenye mwamba.

Tuje kwa wachimbaji wadogo, maana wengi wetu ada ya sekondari ilitoka huko. Nenda Nyarugusu au Rwamgasa. Mifuko ya mawe inagawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Mawe yanapigwa kwenye karasha, yanaoshwa mwaloni, yanakamatwa kwa zebaki. Dhahabu nyingi inabaki kwenye marudio, na marudio anayanunua mwenye mtaji wa kuchenjua kwa sianidi. Mwanafunzi wa uhandisi akifika pale anasema: "hawa wanapoteza dhahabu, wapewe mtambo." Sawa. Lakini mjomba wangu mwenye duara anajua fika kwamba marudio yana dhahabu. Anayauza kwa sababu vijana wake wanataka kula leo jioni, na benki haimkopeshi mtu asiye na takwimu za mashapo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na zebaki bado iko mwaloni. Mtambo peke yake hautaiondoa kama hakuna aliyepiga hesabu ya jioni ile ya mjomba.

Na kule Mwadui, wilayani Kishapu, tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi ulipasuka, tope likaingia kwenye makazi na mashamba ya vijiji vya jirani. Kujenga bwawa lisipasuke ni kazi yetu, hilo halina mjadala. Lakini kesho yake maswali yalikuwa mengine: shamba la nani, lilikuwa na nini, fidia ni kiasi gani. Mhandisi aliyewahi hata mara moja kusoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 anajua kwamba chini ya bwawa kuna watu wenye haki, na atalichora bwawa lake akiwaona.

Najua mtasema nini. "Sheria waachie wanasheria." Haya, lakini mwanasheria hajui kusoma ripoti ya upembuzi yakinifu, wewe unajua. Ukikutana naye nusu njia mtaelewana. Wengine watasema kozi hizo zina insha ndefu, GPA itashuka. Ni kweli, insha zinatutesa. Ila pale MIT, chuo cha uhandisi kinachosifika duniani, kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza lazima amalize kozi 8 za sanaa, lugha na sayansi ya jamii. Wale nao wana GPA, na uhandisi wao haujadorora.

Ushauri wangu wa vitendo: usichague kwa jina la kozi. Omba mtaala, angalia wanachosoma wiki kwa wiki. Anza na uchumi wa mwanzo kabisa, kisha usimamizi wa fedha za miradi, malizia na sheria ya madini au ya mazingira. Kama kitivo chako hakina, uliza kama unaruhusiwa kusajili kitivo kingine, na uulize mapema kabla dirisha halijafungwa. Ukienda mafunzo kwa vitendo mgodini, omba angalau siku 2 ukae na watu wa mahusiano ya jamii. Utajifunza mengi.

Buzwagi ilianza uzalishaji 2009, ikafunga 2021. Mtoto wa Kahama aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule alikuwa hajafika hata chuo mgodi ulipofungwa. Dhahabu ya kwetu haisubiri mtu. Bora wakati ipo, awepo kijana wa kwetu anayeweza kusoma ramani ya mgodi asubuhi na mkataba wake mchana.