Collymore alikuwa bosi poa. Fuliza je?

Kama uko Kibera ama Kawangware na una laini ya Safaricom, basi Bob Collymore alikuwa bosi wako pia, hata kama hujawahi kuingia ofisi zao pale Waiyaki Way. Jamaa aliongoza kampuni hiyo kuanzia 2010 hadi alipofariki Julai 1, 2019, na mpaka leo wasee wakitafuta mfano wa bosi mwenye utu, jina lake halikosi.

Sifa hizo hakuziokota. Alizaliwa Guyana, akahamia Uingereza akiwa kijana, na chuo kikuu hakusoma (sisi tulioacha kozi katikati hapo tunapapenda kupita kiasi). Mwaka wa 2015 alianika mali yake hadharani na kuwataka mabosi wenzake wafanye vivyo hivyo, katika nchi ambayo fomu za mali za wakubwa hufungiwa kabatini. Tamasha la jazz lililoanza 2014 chini yake lilichangia Ghetto Classics, ambapo watoto wa Korogocho hufundishwa muziki.

Sasa mweke kando ya aliyemtangulia, Michael Joseph, yule aliyesema Wakenya tuna tabia za ajabu za kupiga simu. Tulinuna, kisha tukaendelea kupiga. Lakini ni chini ya huyo huyo mwenye mdomo mkali M-Pesa ilizinduliwa, Machi 2007, na leo mama mboga wa stage ya 46 analipwa bila kushika noti. Kwa hivyo ulimi wa bosi usikupumbaze, uwe mtamu ama mchungu. Angalia alichokuachia kwa simu.

Collymore alituachia Fuliza, Januari 2019, pamoja na benki za CBA na KCB. Na imeokoa wengi, tusidanganyane: nauli imepungua bob 20, unafuliza, unafika kazini Inda kabla geti lifungwe. Shida ni ada. Wakati ule ukifuliza thao moja, ulikatwa asilimia moja papo hapo, halafu shilingi 10 kila siku. Mwezi mzima bila kulipa, umeongeza 310 juu ya thao. Na yule aliyefuliza 50,000? Ada yake ya siku ilikuwa 30. Deni mara hamsini ya lako, ada ya siku mara tatu tu! Na pesa yoyote ikiingia kwako, hata ile umetumiwa ya dawa ya mtoto, deni linajilipa kwanza.

Sisemi Collymore alikuwa mnafiki. Naamini alimaanisha aliyosema. Ila maadili yake yalifika kwenye hotuba, kwenye mali yake mwenyewe, hadi Korogocho, na kwenye jedwali la ada hayakufika.

Punguzo la ada lilitangazwa Septemba 2022, Peter Ndegwa akiwa usukani, na siku tatu za kwanza zikawa bure kwa deni lisilozidi 1,000. Poa. Lakini tangazo lilikuja wiki mbili hivi baada ya Ruto kuapishwa, akitoka kwa kampeni ya hustler, kwa hivyo usiharakishe kuliita huruma ya bosi. Hata baada ya punguzo hilo, ukipitisha zile siku tatu, mwenye deni la thao bado alikuwa akilipa asilimia kubwa kuliko mwenye la 50,000.