Sare Tunazo, Somo Yuko Wapi?

Sisi mafundi wa Nachingwea, minada ya korosho ikianza Oktoba, tunashona sare za harusi mpaka usiku. Wanaosema dini imepungua kwa kiburi cha wasichana wanakosea. Bibi harusi bado anahitaji wa kumwambia kuwa mahari ni yake, si ya baba wala mjomba. Suratun Nisaa imesema. Zamani alikuwa na somo, leo tunampa MC na keki. Kisha akifiwa, anakaa eda miezi 4 na siku 10 bila wa kumtazama, nasi tunashangaa haji darasani! Kamati zetu zichangie na mwalimu wa kike. Tuanze sisi, kwa bei ya sare moja.