Nyumba ya Mchanga Si Mchezo wa Bure



Juzi siku ya soko, hapa Giteranyi, tulijenga kwa mchanga nyumba ya kifalme ya Gishora, mbele ya watu wote. Tangu hapo maneno hayajaisha. Eti tunacheza na mchanga kama watoto. Eti mvua moja tu, kwisha. Na mama mmoja akatuuliza swali zito zaidi: "Wanangu, maji ya kujengea mmetoa wapi, na sisi tunapanga mstari kwenye robine?"

Kwa huyo mama tumekosa. Mchanga mkavu hausimami. Lazima uloweshwe, ushindiliwe, ndipo uchongwe kuanzia juu kushuka chini. Tulimaliza bidoni kumi za robine. Siku ingine tutachota mtoni, hata kama ni mbali.

Lakini hilo la mvua tunalikataa. Gishora yenyewe, karibu na Gitega, kwa mfalme Mwezi Gisabo na ngoma zake, ni nyumba za miti na nyasi. Nyasi zinaoza, watu wanaezeka tena. Kule Kampala, nyumba kubwa ya makaburi ya wafalme wa Buganda, Kasubi, iliungua Machi 2010. Imejengwa upya, kwa sababu walikuwepo waliojua kufunga matete na kuezeka. Msikiti mkubwa wa Djenné, nchini Mali, ni wa udongo. Kila mwaka watu wa mji wanatoka kuukandika. Kinachozidumisha nyumba hizo ni mikono ya watu.

Sisi wakimbizi tunalijua hilo. Nyumba tuliziacha. Tulichobeba ni kile mikono inachokijua.

Wengine wanauliza: mbona Gishora, siyo kitu cha kwetu Kongo? Jamani, ukifika kwa mtu unaanza kwa kumsalimia mwenye nyumba. Na mliona wenyewe: watoto wa Warundi ambao kawaida hawatusogelei walikuja wakashika ndoo, wakaturekebisha: "Hapana, paa linashuka mpaka chini!" Wazazi wao wakafuata. Kufika saa sita mchana hukujua nani mkimbizi, nani mwenyeji. Wote tumejaa matope.

Ndiyo maana tunasema kazi hii ifanyike hadharani, tena na tena. Safari ijayo tujenge kitu cha kwetu, wao watusaidie. Wewe unapendekeza nini? Tuandikie. Na ukija, beba bidoni yako ya maji ya mtoni.