Mtoto Halishwi kwa Katuni

Siku hizi hapa Kamachumu, na bila shaka hata kule Bukoba mjini, pamezuka namna mpya ya kulisha watoto. Mtoto wa miaka miwili anakalishwa kitini, simu inaegemezwa kwenye chupa ya chai, katuni zinawashwa, kisha mama au dada wa kazi (maana baba hayumo kamwe katika habari hizi) anaingiza kijiko kila mdomo unapofunguka. Sahani ikiisha, nyumba nzima hufurahi: "Amekula!" Mimi nasema hajala. Amejazwa, kama gunia la kahawa linavyojazwa.

Najua nitajibiwa kwamba dunia imebadilika na kwamba mama ana kazi nyingi. Kazi anazo, tena nyingi mno. Lakini kula ni jambo la kujifunza. Mtoto hujifunza kuitambua njaa yake, na kutambua pia kwamba sasa ameshiba. Hujifunza kwamba ndizi bado ni za moto, asubiri. Kwamba kipande kile cha samaki ni cha watu watano. Kwamba mkubwa akizungumza mdogo husikiliza, halafu naye huulizwa habari zake. Aliyezama katika katuni hajui hata kilichomo mdomoni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Milo mitatu ya nusu saa imekwisha kuvuka kiasi hicho, na bado hatujahesabu muda wa kumbembeleza alale.

Wapo pia wazazi wakali. "Mwanangu hagusi simu!" husema hivyo kwa majivuno, huku kidole gumba chake kikipanda na kushuka juu ya kioo, na ndizi zikipoa mbele yake. Mtoto ana macho, ndugu zangu.

Lakini liniudhilo zaidi ni jingine. Mgeni akipita hapa haoni njaa. Vibanja ni kijani mwaka mzima, ijapokuwa mnyauko wa migomba ulioingia mkoani mwaka 2006 ulitupiga vibaya. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015/16 uliwakuta karibu watoto 42 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Kagera wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 34. Tumepunguza, ndiyo, lakini wastani wa nchi nzima ulikuwa 30. Udumavu una sababu nyingi, maradhi na maji machafu yakiwamo; mojawapo iko sahanini. Ndizi hushibisha, ila peke yake hazijengi mwili wa mtoto. Zinataka maharage, dagaa, yai, mboga za majani, na senene msimu wao ukifika.

Sasa tazama tunavyofanya. Yai linakwenda dukani asubuhi na kurudi nyumbani likiwa bando. Maharage yanauzwa yote. Dagaa wa ziwa letu hili hili wanasagwa kuwa chakula cha kuku, na kuku huyo akitaga, tumekwisha kusikia mayai yanakwenda wapi. Fedha inayobaki inamnunulia mtoto soda na biskuti, ili asionekane mshamba. Kisha tunamshtaki: watoto wa siku hizi hawali!

Sisemi simu zitupwe ziwani. Simu hutuletea bei ya kahawa na msaada kutoka kwa ndugu walio Dar es Salaam. Ninachokataa ni kumpa mtoto simu kwa mkono wetu wenyewe, kisha kumlaumu kwamba ameipenda.

Mama mmoja, jirani yangu, aliniuliza, "Sasa Mzee, akikataa kula bila simu nifanye nini?" Nilimwambia kwamba ikiwa mtoto si mgonjwa, amwekee chakula na kumwacha. Atalia leo, pengine na kesho. Keshokutwa ataomba ndizi. Wewe kaa karibu naye, mwite na baba yake, na simu zenu zote mbili zibaki chumbani.