Kabla kukhu hajatia sahihi, msomee fomu

Mgonjwa wa saratani hapa Kakamega akiambiwa kuna utafiti wa dawa mpya, fomu mara nyingi huishia mikononi mwa kijana wa nyumba, ati kwa sababu amesoma. Kukhu anauliza, "Nitie sahihi?" Nasi tunaruka kurasa na kusema, "Sawa tu." Hapo tunamkosea.

Wengine humtisha: "Wanataka kukujaribia dawa!" Lakini utafiti si njama. Hapo Kisumu, Nairobi na Thika, wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walijitolea katika utafiti wa KEN SHE. Mwaka 2022 matokeo yalionyesha kuwa dozi moja tu ya chanjo ya HPV inakinga vizuri dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Hao ni wasichana kama sisi.

Kweli, wao walikuwa wazima. Mgonjwa ana mengi zaidi ya kupima. Kwa hivyo msomee polepole, kwa Kiluhya ikibidi, kisha mwulizeni daktari pamoja: Madhara ni yapi? Nani analipa nauli na vipimo? Utafiti ukiisha, dawa itaendelea? Asipojiunga, atatibiwaje?

Na mwambie hili: hata akitia sahihi leo, ana haki ya kujiondoa kesho bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Akikubali, sawa. Akikataa, pia sawa. Kazi yetu ni kusoma. Kuamua ni kwake.